Simu ya Baba Iko kwa Nani?

Siku moja ya mnada, katika mji mdogo wilayani Mbulu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi simu nikisubiri kioo cha simu yangu. Akaja mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, miguu imejaa vumbi, fimbo ya kuchungia ameibana kwapani. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakikunjua taratibu, ndani yake memori kadi. "Kaka, nirushie video za buku." Fundi hakuinua macho kwenye kompyuta yake. "Za kawaida au za kikubwa?" Hata sauti hakuishusha. Mtoto akanitazama, akainamisha kichwa, akasema za kawaida. Nina hakika nisingekuwepo pale jibu lingekuwa jingine.

Nimeanza na huyu mvulana kwa sababu kila nikialikwa kwenye kikao cha wazazi kuzungumzia usalama wa watoto mtandaoni, iwe huku Mbulu au kule Hanang, hakosekani mzee wa kunyanyuka na kusema, "Mwalimu, kwetu mtandao haushiki. Hayo ni mambo ya watu wa mjini." Memori kadi ile haikuhitaji mtandao wala bando. Ilitoka kijijini kwa miguu na kurudi kwa miguu, ikasubiri simu ya baba iwekwe mezani baba akienda kuoga. Na huo mtandao usioshika nao uko njiani: Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kata ambayo leo watu wanapanda kilimani kutafuta mtandao, kesho itaamka na mnara, na hakuna semina itakayoutangulia.

Takwimu nitatoa moja tu. Ripoti ya utafiti uliofanywa Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, iliyotoka 2022, ilikuta kwamba watoto 67 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba angalau asilimia 4 ya hao walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ukipiga hesabu kwa nchi nzima ni watoto wapatao 200,000. Wengi wao hawakufika polisi. Wengi hawakufika hata jikoni kwa mama.

Hapo kwenye kutofika jikoni ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Miaka ile nilipokuwa mwalimu wa malezi katika shule moja ya kata, binti wa kidato cha pili alianza kukosa hela ya chakula. Mama yake alileta mahindi, mahindi yakaisha kabla ya wakati. Akaleta hela ya madaftari, madaftari hayakuonekana. Nilidhani ni mvulana. Ilichukua wiki tatu binti kuniambia kwamba kuna mtu alikutana naye Facebook, akajiita mwanafunzi wa chuo Arusha, akamwomba picha, akaipata, na tangu siku ile alikuwa anadai hela. Elfu tano. Elfu kumi. Binti alikuwa anauza unga wake kwa wenzake ili kumlipa. Nikamuuliza kwa nini hakusema nyumbani. Akanijibu bila kulia, kama anayesoma ubaoni: "Baba angenipiga, halafu angenitoa shule."

Nikaomba kuona ujumbe wenyewe. Mtu yule alikuwa ameandika mara nne, kwa maneno yaleyale: nitamtumia baba yako. Hakuwa anamjua huyo baba hata kidogo. Lakini aliwajua baba zetu kwa ujumla wao, akajua kwamba huku kwetu mtoto anamwogopa baba kuliko anavyomwogopa tapeli. Tungemwondolea mtoto ile hofu, tapeli angebaki na picha isiyomletea hata senti.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi hauhusu simu. Unahusu ahadi. Mwambie mwanao mapema, kabla halijatokea jambo, maneno haya au yanayofanana nayo: "Ukiniletea jambo lolote lililotokea kwenye simu, hata kama kosa ni lako, sitakupiga, na shule hutaacha." Kisha siku likiletwa, uitimize. Kupunguza muda wa simu unaweza, kukasirika utakasirika, lakini fimbo ikishuka siku hiyo, wadogo zake wote wanaosikiliza chumba cha pili wamejifunza kunyamaza.

Maneno haya usiyasemee sebuleni umemkalisha mtoto kitini kama shahidi. Yaseme mkiwa mnapukuchua mahindi, mnachambua mbaazi, mnatembea kwenda kwenye maji. Mtoto husema zaidi asipotazamwa usoni. Na tusijidanganye: katika nyumba nyingi za Wairaqw na Wadatoga, baba hazungumzi mambo ya mwili na binti yake, na si makala hii itakayombadilisha. Basi mtumieni shangazi. Mtumieni bibi. Bibi anaweza kuwa hajawahi kushika simu janja, lakini anajua mwanamume anayekupa zawadi bila sababu anatafuta nini, na hiyo ndiyo elimu yenyewe. Amweleze mjukuu kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mtoto mdogo hana Kiswahili cha kutaja sehemu za mwili wake bila kuona haya, na akikosa neno ataacha kusema.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Katika nyumba nyingi anayeijua simu ni mtoto. Yeye ndiye aliyemfungulia mama WhatsApp, yeye ndiye anayemsomea baba ujumbe wa M-Pesa, na kwa hiyo namba ya siri anaijua. Ni kama kumwachia mtoto wa darasa la sita ufunguo wa ghala. Badilisha namba hiyo leo. Watoto wamekwisha kubeti kwa laini ya baba: sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini kampuni ya kubeti inachokiona ni namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima. Vilevile laini unayomnunulia mtoto inasajiliwa kwa jina lako wewe mzazi au mlezi. Likifanyika kosa kwa laini hiyo, atakayeulizwa kwanza ni mwenye jina. Piga *106# uone ni laini ngapi zinasoma kitambulisho chako. Kuna wazazi walioduwaa kukuta tano.

Kama simu ni ya familia, iwe na mahali inapolala, na mahali hapo pasiwe chumba cha watoto. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya faragha, upande wa vikundi, uchague kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye kikundi ni watu ambao namba zao umezihifadhi tu. Dakika moja inatosha, na umeufunga mlango ambao video chafu nyingi hupitia, zile ambazo vijana siku hizi wanaziita koneksheni. YouTube ina hali ya kuzuia maudhui ya watu wazima, na duka la programu la Android lina sehemu ya wazazi unayoweza kuifunga kwa namba ya siri. Kama hujui pa kubonyeza, muulize mwalimu wa TEHAMA. Mtoto mwenyewe usimpe kazi hiyo, maana atakufungia mlango huku amebaki na ufunguo wa dirishani. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zenyewe zimeweka umri wa kuanzia miaka 13. Mtoto wa darasa la nne mwenye akaunti alidanganya mwaka wa kuzaliwa, na mara nyingi alidanganya mkubwa akiwa pembeni anacheka.

Hayo ya kubonyeza yana mwisho wake. Nimeona Waaustralia wamepiga marufuku mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16, tangu Desemba 10, 2025, na baadhi ya wazazi wanaliomba hilo na hapa. Mimi sina ugomvi nalo. Lakini mtoto wangu wa mnadani hana akaunti popote. Ana memori kadi.

Niwape njia moja ya kutambua hatari isiyohitaji ujuzi wowote wa simu: uliza bando linatoka wapi. Bando halioti shambani. Mtoto ambaye hukumpa hela ya bando, na hana biashara, lakini kila jioni yuko mtandaoni, kuna mtu anamnunulia au anamwashia hotspoti. Mjue huyo mtu ni nani. Huku kwetu aliyemharibu mtoto kwa simu mara nyingi huwa si mgeni wa Ulaya aliyejificha nyuma ya jina la uongo. Ni kaka wa jirani, dereva wa bodaboda, mpangaji mwenzake, wakati mwingine mjomba. Mtandao unampa tu pa kuzungumzia ambapo mama hasikii.

Na hapa nizungumzie magheto, kwa sababu sioni mtu anayeyaunganisha na habari hii.

Shule zetu nyingi za kata ziko mbali na nyumbani, na bweni halitoshi au halipo. Mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule. Kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa, debe la unga, na simu "ili tuwasiliane". Mtoto ana miaka kumi na minne. Mchana yuko shuleni ambako simu imekatazwa, kwa hiyo muda wake wote wa simu ni usiku, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Sheria ya shule ya kukataza simu haimfikii hapo, na jicho la mzazi halimfikii. Hata mhubiri hamfikii.

Kama huna namna ila gheto, mpe kitochi. Kitochi kinatosha kuuliza unga umebaki kiasi gani. Akihitaji kusoma kwa intaneti, simu janja iwe moja kwa watoto wa kijiji kimoja, ikae kwa mama mwenye nyumba, itumike sebuleni kwake hadi saa tatu usiku. Huyo mama mwenye nyumba mlipe kitu, hata debe la maharage kwa muhula, umfanye mlezi badala ya mpokea kodi. Wazazi wa kijiji kimoja wawapangie watoto wao nyumba moja. Na wewe mzazi, siku ya kupeleka chakula usiifanye Jumapili kila mara. Tokea Jumatano siku moja, saa moja jioni, bila taarifa. Mara moja kwa muhula inatosha. Habari itasambaa yenyewe kwamba baba yake fulani huwa anatokea.

Kuna majira mawili ya kuyaangalia zaidi kuliko mengine. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba na wanakaa nyumbani hadi Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba, matokeo yanatoka Januari, na atakayechaguliwa kidato cha tano anasubiri hadi Julai. Ni miezi mingi ya kijana asiye na mwalimu wala ratiba, na ndiyo miezi ambayo mzazi kwa furaha humnunulia simu ya pongezi. Ni miezi hiyohiyo ambayo matangazo ya kazi hushamiri: anatafutwa binti wa kazi za ndani, mwenye heshima, atoke Mbulu au Singida, nauli itatumwa. Mabinti wa kwetu wana sifa huko Arusha na Dar es Salaam, na sifa hiyo sasa imekuwa soko. Zamani dalali alilazimika kufika kijijini, akaonekana, akaulizwa ukoo wake. Leo anatuma nauli kwa simu, na binti anapanda basi la alfajiri kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008. Lakini sheria hufanya kazi kama kuna mtu aliyejua jina la mwajiri, mtaa anaoishi na namba mbili za simu zinazopokelewa, kabla ya basi kuondoka. Asiyekubali kuzungumza na mzazi kwa sauti, anayetaka kuandikiana na binti tu, hana kazi ya kumpa mtu.

Upande wa shule nina machache, na walimu wenzangu baadhi watanuna.

La kwanza ni kuvunja simu. Kuna shule mwanafunzi akikamatwa na simu inapondwa kwa nyundo mbele ya paredi, wanafunzi wakishangilia. Mwalimu anajisikia ametenda kazi. Ndani ya simu ile kunaweza kuwa na jumbe za mtu mzima anayemtisha mtoto, namba yake, tarehe, saa, miamala ya hela. Nyundo moja, ushahidi wote umekwenda, na mkosaji amebaki mzima. Simu ikikamatwa itiwe kwenye bahasha, iandikwe jina, mzazi aitwe, na kabla ya adhabu yoyote mwalimu wa malezi amuulize mtoto swali moja akiwa peke yake naye: kuna mtu anakusumbua?

La pili ni sisi wenyewe. Mwalimu hana sababu ya kuandikiana na mwanafunzi mmoja faraghani usiku. Kama kuna masomo ya kutumwa, kuna kikundi, na ndani ya kikundi kuna walimu wawili, mmoja wao mwanamke, na kinafungwa saa moja jioni. Kanuni hiyo iandikwe na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mzazi aisome, mwanafunzi aisome. Mwalimu mwema inamlinda na uvumi. Asiye mwema inamnyima kisingizio cha "nilikuwa namsaidia hesabu". Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na sidhani kama mara nyingi mambo hayo huanzia darasani siku hizi. Huanza na "umelala?" Wazazi, kanuni hii iombeni kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Msisubiri shule iilete.

La tatu ni Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto ndani na nje ya shule, ambalo kila shule inatakiwa kuwa nalo. Katika shule nyingi ni karatasi iliyobandikwa ofisini kwa mkuu, yenye majina ya walimu wawili, mmoja kahama. Majina yawe ya walimu ambao watoto wenyewe wangewachagua, na njia ya kujua ni kuwauliza kwa kura ya siri. Mtashangaa. Mara nyingi jina linalotoka ni la mpishi au mlinzi. Basi naye awemo. TCRA nayo inaanzisha vilabu vya kidijitali mashuleni. Shule yenye klabu isiiache iwe ya kujifunza kompyuta tu. Wanafunzi waigize. Mmoja awe rafiki wa Facebook, mwingine awe binti, darasa zima lipige kelele pale wanapoona mtego umetegwa. Nimeona darasa la sita likigundua mtego mapema kuliko wazazi wao wangeugundua.

Halafu picha. Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu za Katesh, Gendabi na Jorodom na kuua zaidi ya watu 80, simu ndizo zilizoita msaada, na hilo hatutalisahau. Lakini simu hizohizo zilizungusha picha za watoto waliotolewa kwenye tope, nyuso wazi, wengine hawana nguo, kutoka kikundi hadi kikundi, kwa nia njema. Mmoja wa watoto hao leo yuko darasani. Picha yake ya siku mbaya kuliko zote maishani mwake iko kwenye simu za watu asiowajua. Shule nazo zina tabia ya kurusha picha za mahafali na za washindi wa mtihani: sura, jina kamili, sare yenye jina la shule. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo kumsubiri mtoto njiani akamwita kwa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazigusa shule pia. Picha ya kundi kutoka mbali inatosha, bila majina, na mzazi awe ameulizwa.

Na likishatokea?

Kwanza, usifute. Mzazi akiona picha ya mwanawe kwenye simu, mkono unakimbilia kufuta kwa aibu. Tulia. Piga skrinishoti za mazungumzo, namba ya mhusika, jina la akaunti yake, tarehe. Lakini hapa kuna mtego ambao watu wema wengi wameingia: picha yenyewe ya utupu wa mtoto usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mkuu wa shule, hata kwa kaka yako aliye askari, hata kwa nia ya kuuliza "huyu ni nani?" Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, haiulizi ulisambaza kwa nia gani, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni hamsini au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Simu yenyewe ndiyo ipelekwe, ikiwa mkononi mwako.

Pili, usilipe. Aliyelipwa elfu tano amejua kwamba mnazo.

Tatu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, Mbulu au Katesh, au anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukiwa mbali na mji, piga 116. Ni namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na C-Sema kwa kushirikiana na serikali, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga kwa kitochi kisicho na salio. Kama mtoto ameguswa mwilini, hospitali iwe kabla ya yote, na msimwogeshe kwanza. Namba ya tapeli wa kawaida, yule anayejifanya mwalimu na kusema mwanao kaanguka shuleni tuma hela, itumeni kwenda 15040. Kabla ya kutuma hela yoyote pigeni simu shuleni.

Nne, kama picha iko mtandaoni, kuna huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya kituo cha watoto cha Marekani kiitwacho NCMEC. Inaifanyia picha alama yake ya kipekee, kama alama ya kidole, picha yenyewe ikibaki kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwamo, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya WhatsApp haiingii. Lakini ni afadhali kubwa kuliko kukaa usiku ukiangalia nani kaiona.

Na kuna jambo ambalo huku kwetu lazima nilitaje ingawa linaudhi. Mkosaji akijulikana, wazee huitwa, ng'ombe mmoja au wawili wanatajwa, na jambo linakwisha chini ya mti. Sipingi mabaraza ya wazee. Yameamua mashamba na mipaka vizuri kuliko mahakama nyingi. Ila ng'ombe huenda kwa baba. Mtoto anabaki kupishana na mtu yule njiani kila asubuhi, na mtu yule bado ana simu. Kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Mwenyekiti wa kijiji anaijua hata kama haijakaa mwaka mzima. Jambo lipelekwe huko na polisi, wazee waje kama mashahidi.

Yule fundi wa memori kadi nilimrudia wiki iliyofuata, kioo kilikuwa kimeanza kuachia. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Watatu, mkubwa yuko darasa la tano. Nikamuuliza kama yeye anamrushia mwanawe za kikubwa. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Sijui kama ameacha ile biashara. Mwenyekiti wa kitongoji alimpitia na kumwambia kwamba kibanda kinachouza za kikubwa kwa watoto kitafungwa, na nadhani hilo lilimwingia kuliko swali langu. Wenyeviti, vibanda hivyo mnavijua vyote. Vipitieni kabla ya mnada ujao.

Na walimu, ile namba 116 msiibandike ofisini. Hakuna mtoto anayesimama mbele ya ofisi ya mkuu akinakili namba hiyo huku wenzake wanamwona. Iandikeni kwa rangi ndani ya mlango wa choo, cha wasichana na cha wavulana, usawa wa macho ya mtoto aliyechuchumaa. Pale anasoma peke yake.